Wapasha Viti wa Njia ya Bafwasende

Jua lilikuwa linazama Wenceslas alipovuka parking ya mabasi ya Kisangani na kwanga za moto mkononi, mikate ya muhogo, chakula cha safari cha binti yake Cathy. Alipofika kwenye basi la Bafwasende akakuta viti vingi bado vitupu. Hasira ikampanda.

Yeye ndiye mkubwa wa wapakizaji, wale wanaoita abiria pale, tangu parking ilipohamia kwenye uwanja wa bohari la zamani la kahawa. Bohari lilibomolewa, ukabaki ukuta mmoja tu, mweusi kwa ukungu. Wapakizaji wenzake wote wana ujanja wao: wanaketisha watu ndani ya gari wajifanye wasafiri, ili lionekane limejaa. Msafiri wa kweli akifika, mmoja wao anamwachia kiti na kushuka kimya. Wanaitwa wapasha viti. Wenceslas hakuwahi kuwatumia. Uongo ni uongo, alisema, hata ukikaa kitini na kufunga mdomo.

"Papa Wence, tulale hapa?" Landry, shofere wa basi, alimkejeli. "Batu banaona gari iko utupu, banapita. Bon, leta ile ukweli yako nitie mu reservoir, tuone kama gari itatembea!"

Cathy akachungulia dirishani. Alikuwa amengoja kazi muda mrefu, na sasa zahanati ya Bafwasende ilikuwa imemkubali awe muuguzi.

"Papa, kesho asubuhi naanza. Nikikosa, batatia mutu mwingine."

Wenceslas akauma meno. Chini ya ule ukuta waliketi watu, bega kwa bega. Hakuuliza ni akina nani. Hasira haiulizi.

"Ninyi pale! Kujeni mupashe viti!"

Waliinuka wote kwa pamoja.

Hawakutania, hawakuuliza watapewa nini. Walimpita wakiinamisha vichwa, na harufu ikawafuata... tope la mtoni, majani yaliyooza majini. Ngazi ya basi ikabaki imelowa.

Mvua haikuwa imenyesha.

Ujanja ulifanya kazi. Walioona gari limejaa walikuja mbio na mizigo yao. Kila aliyepanda, mmoja alishuka akarudi ukutani. Lakini ndani watu walinung'unika. "Nani alikalia hapa? Kiti iko baridi kama samaki!"

Akabaki mmoja. Bibi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ameketi kando ya Cathy.

Hapo Mama Solange, muuza kwanga mkongwe wa parking, akamvuta Wenceslas shati.

"Wence... ni wewe uliita bale?"

"Ndiyo. Kwani?"

Akanong'ona. "Zamani, shofere moja alikuwa na haraka. Aliondoa gari, wapasha viti bangali ndani. Daraja ikavunjika, gari ikaanguka mu mto. Wasafiri, familia zao zilikuja kuwalilia. Bale wengine, nani aliwatafuta? Haikuwa safari yao... Bangali banangoja kuitwa."

Injini ikawaka.

Wenceslas akaruka ndani. "Mama, shuka!"

Bibi hakugeuka. Maji yalidondoka kutoka pindo la kikwembe chake. Tii... tii... tii...

"Mutu yangu hajafika," akasema polepole.

"Papa," Cathy akanong'ona, meno yakimgongana, "huyu mama iko baridi sana..."

Baba hakufikiri. Alimkamata binti mkono, akamvuta juu ya magoti ya yule bibi, akamshusha.

"Papa, acha! Kazi yangu!"

Basi likaanza kutembea. Dirishani, kwenye kiti cha Cathy, bibi alikuwa tayari amesogea. Akamtazama Cathy, akatabasamu.

"Aksanti, mutoto. Umenipashia kiti muzuri."

Landry aliporudi, alisimulia kwamba safari ilikuwa tamu, hata tairi halikutoboka. Bibi wa kitambaa cha kijani alishuka Bafwasende alfajiri, akaulizia nyumba ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka ila wazee sana. Akaingia njia ya shambani. "Na kile kiti, Papa Wence," akaongeza, bila kucheka safari hii, "kilibaki moto mpaka Kisangani."

Zahanati ilichukua mtu mwingine. Wenceslas alijiambia: si kitu, mtoto wangu ni mzima, kazi nyingine itapatikana. Alijiambia hivyo kila siku.

Lakini Cathy hali tena chakula cha jioni. Giza likikaribia anasukuma sahani, anatoka bila viatu. Baba alimfuata. Akamkuta parking, chini ya ukuta, miguu ina tope jekundu.

"Cathy. Twende nyumbani, mama."

Akamshika mkono. Baridi.

Binti akamwinulia macho, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mpakizaji asiyemjua.

"Papa... leo utatuita saa ngapi?"

Na kando yake, bega kwa bega, vichwa vyote vikainuka kusikiliza jibu.