Vipimo vya Nje

Jumamosi, katika karakana ya Nurdin nyuma ya soko la Kilwa Masoko, watu hawasikilizani kwa kelele za randa ya umeme. Mwahija aliingia na baibui lake jeusi na mtandio wa rangi ya embe, akaenda moja kwa moja kwenye madirisha.

"Hizi mbao nzima, hizi luva, vibao vyenye mianya," alisema Nurdin, akipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mimi ningechukua luva. Unaona wapita njia, wao hawakuoni."

"Unanifundisha kuchungulia watu, fundi?"

"Chungulia, dada, ila usinicheke nikipita." Akatabasamu, kisha akatupa ndoano: "Sijui shemeji atapenda zipi?"

"Yuko safari."

Mwahija alikuwa na mwaka wa tatu tangu aachike. Uongo ule alizoea kuwaambia wauza maji na mafundi wote, na sasa ulimtoka wenyewe. Aliona tabasamu la Nurdin likizima, akajuta palepale.

Kesho yake Nurdin alifika Kivinje, kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa Mwahija na bibi yake. Akagoma kuvuka kizingiti. "Mwenye nyumba hayupo. Nitapima hukuhuku nje." Akapima, akaondoka. Luva zenyewe akazituma kwa bodaboda.

Zilikuwa ndogo. Kuta za zamani ni nene, na dirisha lililo jembamba nje huwa pana ndani. Fundi gani asiyejua hilo? Lakini siku ile akili ya Nurdin haikuwa kwenye futi. Wiki mbili Mwahija aliziba uwazi kwa khanga, akashona peke yake, akala peke yake. Mwishowe akapiga simu.

"Fundi, luva zimepungua shubiri nzima. Ndani dirisha ni pana."

"Ah! Basi nitakuja shemeji akirudi."

"Harudi, Nurdin."

"Inna lillahi! Amefariki lini?"

"Hajafa! Hayupo tu. Niliachika zamani. Miaka mitatu naongea na cherehani. Siku ile niliona aibu kukwambia."

Upande wa pili Nurdin alizima randa.

"Kama uko peke yako, ndiyo siingii kabisa, Mwahija. Watu watasema."

"Basi, ziache hizo luva."

"Sijamaliza. Kesho baada ya alasiri nakuja na mama. Yeye atakaa na wewe, mimi nipime."

Mwahija ni mtu wa pwani. Alijua fundi hahitaji mama yake ili apime dirisha.

"Mama anakunywa chai ya tangawizi?"

"Anakunywa. Na anauliza maswali mengi."

"Aulize. Safari hii nitasema kweli."

Alipokata simu alitoa vikombe vitatu kabatini. Viwili vilikuwa na vumbi. Akaviosha, akavifuta, akaviosha tena.