Shahidi wa Nyamizi

Kipimanafsi kilishuka kutoka darini bila kelele: pete ya mwanga iliyokizunguka kichwa cha Nyamizi huku ikisoma pumzi zake, mapigo ya moyo wake na kupepesa kwa macho yake. Kiliweza kutambua usonji kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na jiji zima la Tabora lilikijivunia. Ila kilikuwa kimefunzwa kwa watoto. Ndiyo maana kilianza kwa kumrushia mpira wa rangi, yeye mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mhandisi wa mvua anayeongoza mawingu ya Unyamwezi yote!

Nyamizi aliudaka, akaurudisha kwa adabu. Alikuwa ameingoja zamu hii miaka sita, maana vituo vya watoto vilikuwa tele na cha watu wazima kilikuwa hicho kimoja, tena kwa kifaa kile kile cha watoto. Sasa idara yake ilikuwa ikiwahamishia wahandisi wote kwenye ukumbi mmoja wa kelele na taa kali. Siku ya kuujaribu ukumbi huo alitapika. Cheti cha usonji kingempa haki ya kubaki katika chumba chake cha kimya. Bila cheti, angeiacha kazi aliyoipenda kuliko kula.

“Sasa nahitaji shahidi wa utoto wako,” kifaa kilisema. “Aliyekulea.”

Hapo ndipo wengi walipokwama, kwa kuwa wazazi hawaishi milele. Nyamizi alikuwa na bahati. Shangazi Kalunde, aliyemlea tangu uchanga, alikuwa hai, tena alikuja kwa treni ya sumaku kutoka Urambo akiwa amejifunga kitenge chake cha kuendea harusini.

“Mama, alipokuwa mdogo alicheza na wenzake?” kifaa kilimuuliza.

“Sana tu.”

“Kelele zilimsumbua?”

“Hata kidogo. Mtoto wetu hana kasoro. Alikuwa akisalimia kila mtu, mpaka majirani wakamsifu.”

Nyamizi alimgeukia kwa mshangao. Alikumbuka alivyojificha ndani ya kihenge cha mahindi kila ngoma zilipolia, na shangazi huyu huyu akimletea uji humo humo. Lakini Kalunde alilelewa akijua kuwa ya nyumbani hayaanikwi mbele ya wageni, na mgeni wa chuma ni mgeni vilevile.

“Neno la mlezi ndilo linaloamua. Hakuna usonji,” kifaa kilitamka kwa upole. “Ukitaka kukata rufaa, anzia mwisho wa foleni.”

Walipofika barazani Nyamizi aliketi, machozi yakamtoka.

“Shangazi, umenimaliza.”

“Nimekusitiri, mwanangu! Ningewaambia ulikuwa ukijificha kihengeni? Wangekuandika mgonjwa.”

“Nilitaka waniandike nilivyo. Hizo salamu unazozisifu nilizikariri kama hesabu. Mpaka leo nikimtazama mtu machoni nahisi naungua.”

Kalunde akawa anavikunja na kuvikunjua vidole vyake. Hasira za Nyamizi zikaanza kupoa. Hakuwahi kumwona shangazi yake akihangaika hivyo.

“Si nilikufundisha utazame paji la uso?” Kalunde aliuliza.

“Ulinifundisha.”

“Mimi ndivyo nifanyavyo, tangu niko mdogo.” Akamgeukia, macho yake yakatua juu kidogo ya nyusi za Nyamizi, mahali yalipotua siku zote. “Kwani, mwanangu, wenzetu huyatazama macho yenyewe?”