Fundi Aliyekuja na Faili

Asubuhi hiyo fundi cherehani alishona mfuko wa shati mgongoni. Mwenye duka akaligeuza shati huku na huku, akacheka. Kisha akakunja uso.

"Fundi, mteja atatoaje kalamu huku? Hii ni mara ya tatu wiki hii. Ya nne, mashine nampa mwingine!"

Fundi akachukua mkasi, akaanza kuufumua mfuko. Tangu yeye na familia yake wavikimbie vita, mwaka wa pili huu, usingizi haupati. Akifumba macho, moyo unamwenda mbio. Mlango ukibamizwa, anaruka. Nyumbani watoto wake wanatembea kwa ncha za vidole.

Mkewe alimweleza jirani yao, msusi, naye mkimbizi kama wao. Msusi hakukawia.

"Shemeji, Jumamosi saa nane njoo kwenye kikundi chetu, pale shuleni. Tunakaa, tunazungumza."

"Mimi si mwendawazimu!"

"Nani kasema? Mguu ukitembea sana unachoka. Akili nayo huchoka, shemeji. Tena kwa haya tuliyoyapitia!"

Jumamosi fundi alivaa koti, akabeba faili. Darasani alikuta watu wanane wamekaa duara kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Akasimama wima.

"Mimi ni mkuu wa familia ya watu watano. Tulivuka mpaka tarehe kumi na mbili. Vyeti hivi hapa. Afya yangu nzuri. Usingizi ninapata, tena mwingi!"

Mara mpishi mmoja mnene akaangua kicheko.

"Kaa, ndugu yangu! Mimi siku ya kwanza nilileta picha sita za pasipoti!"

Wote wakacheka. Msusi akamvutia fundi kiti.

"Hapa hakuna afisa, shemeji. Hakuna anayeandika. Sote ni wakimbizi. Hulazimishwi kusimulia, na linalosemwa humu halitoki nje. Mzigo ukimzidi mwenzetu, tunamsindikiza kwa muuguzi wa zahanati. Si aibu."

Fundi alikaa. Akasikiliza wengine. Mwishowe akasema polepole, "Nimedanganya. Silali."

"Karibu kwenye chama cha macho kodo!" mpishi akajibu.

Siku hiyo walimfundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu moyo unapokwenda mbio, kuvuta pumzi taratibu, na kutaja vitu vitano anavyoviona. Wiki iliyofuata mpishi alimsindikiza kwa muuguzi. Nyumbani, fundi aliwaeleza watoto kinachomsumbua. Wakaacha kumwogopa, wakawa wanabisha hodi kabla ya kuingia.

Jumamosi ya saba alifika na mkewe. Mwenye duka alikuwa amempa sare thelathini za shule azishone, na kila mfuko ulikaa kifuani. Lakini mkewe alikuwa amenuna.

"Nimekuja kushtaki," akasema. "Mlimfanya nini mume wangu? Anakoroma kama mashine ya kusaga! Tangu Jumanne sijafumba jicho!"

Darasa zima likapiga makofi. Fundi akainamisha kichwa, anatabasamu.

"Pole, shemeji," mpishi akasema, akimsogezea kiti. "Kaa hapa. Sasa tuanze na wewe."