Mteremko wa Villalosa

Jumapili hiyo ya Mei, baa ya kijiji cha Orbaneja ilikuwa imejaa waendesha baiskeli mpaka mlangoni. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa kila mahali, hata kwenye ukuta wa kanisa, na aliyetaka kahawa ilimbidi apaze sauti, maana maporomoko ya maji yanaangukia katikati ya kijiji na hayamnyamazii mtu. Casilda alijipenyeza hadi kaunta, uso umemwiva kwa jua, jezi nyekundu imemgandia mgongoni, akaomba kipande cha mwisho cha kimanda cha viazi. Wakati huohuo mwanamume aliyesimama kando yake naye akaomba kipande hichohicho.

Alipogeuka alimtambua. Jezi ya kijani, miguu mirefu myembamba, ndevu zilizoanza kuingia mvi. Huyu ndiye aliyempita asubuhi kwenye mlima, Casilda akihema kama mgonjwa wa pumu, na badala ya kupita kimya akamwambia "pole". Neno hilo lilikuwa limemkera njia nzima. Baadaye, kwenye mteremko wa kuingia korongoni, ilikuwa zamu ya Casilda kumpita, na alimwachia kicheko.

"Kumbe wewe ndiye wa pole," alisema Casilda.

"Na wewe ndiye unayeshuka kama umeibiwa breki."

"Afadhali mimi. Wewe unashuka kama umepakia trei ya mayai."

Mwenye baa, aliyekuwa na msururu wa wateja mbele yake, aliweka kisahani katikati yao pamoja na uma mbili, akawaacha wamalizane wenyewe. Walimalizana vizuri. Kufikia kahawa ya pili Casilda alishajua kwamba mwanamume huyu anaitwa Millán, ana duka la miwani mjini Burgos, nyuma ya kanisa kuu, na kwamba hajawahi kuoa. Naye alimweleza kwamba kazi yake ni kupiga picha za mifupa katika kliniki moja hukohuko Burgos, na kwamba aliwahi kuolewa na hatamani kuzungumzia habari hizo. Walikuwa wamekaa mji mmoja miaka yote hiyo, wakitenganishwa na mto na daraja, ikabidi wakutane mbali milimani kwa sababu ya kimanda.

Tangu siku hiyo wakawa wanaendesha pamoja kila Jumapili. Njia zilikuwa zilezile za wenyeji: barabara nyembamba zinazoandamana na mto Ebro chini ya kuta za mawe, tumbusi wakizunguka juu kabisa, harufu ya majani ya porini yaliyopigwa na jua, kisha kijiji chenye nyumba za mawe na nembo za mabwana waliokufa zamani juu ya milango, na soseji ya damu ikikaangwa mahali fulani. Mlimani Millán alitangulia na kumngoja kileleni. Kwenye mteremko Casilda ndiye aliyetangulia, akamngoja chini, wakati mwingine hadi jasho limkauke. Akambandika jina la Mbuzi. Millán naye akamwita Jiwe, kwa kuwa akishaanza kubingirika hasimami.

Jioni za katikati ya wiki walipigiana simu.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Amefunga duka, amekaa anamuwaza Jiwe."

"Anamuwaza nini?"

"Hayo hayasemwi kwenye simu, kipenzi."

Mwezi wa Julai walianza kuonekana pamoja mjini, wakitembea chini ya miti ya kando ya mto saa ambazo watu wa Burgos hutoka kupunga upepo, Casilda na gauni lake la rangi ya haradali, Millán na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama. Casilda alijishangaa. Alidhani milango ya mapenzi alishaifunga.

Jambo moja tu lilimkaa kooni. Millán alikubali njia zote isipokuwa ya Villalosa, kijiji cha mama yake Casilda, kilichojificha chini kabisa ya korongo. Kukifikia kuna mteremko mmoja, mkali, wenye kona zinazopindana kama utumbo. Kila alipoitaja njia hiyo, Millán alikuwa na sababu: mara upepo, mara goti, mara mvua inanukia. Casilda hakutaka kumbana, lakini aliweka moyoni. Mume wake wa zamani aliwaambia watu kwamba mkewe ni mtu wa mji wa Santander, kwa sababu aliona haya kusema ameoa binti wa kijiji chenye mbuzi wengi kuliko wakazi.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Roko, katikati ya Agosti, siku ambayo kila mzaliwa wa Villalosa hurudi kula nyumbani. Casilda alitangulia kumsaidia mama. Millán aliahidi kufika na baiskeli yake wakati wa chakula, na mama, ambaye kijiji kilimwita kwa heshima Doña Engracia, akatandika kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimetoka kabatini tangu msiba wa mumewe. Mwanakondoo alikuwa tanurini simu ilipolia. Millán alisema samahani, kuna mteja wake amevunja miwani na haoni kabisa, hawezi kutoka mjini. Sauti yake ilikuwa ya mbali na upepo ulisikika ukivuma. Casilda alimwambia hakuna neno, atakula siku nyingine.

Baada ya muda kidogo akaingia kaka yake, Fabián, aliyetoka Bilbao kwa gari. Alibusu kila shavu, akachukua kiti, kisha akamwuliza dada yake mbona yule bwana wa kwenye picha za simu yake amemwona pale juu, watu wanaposimama kutazama bonde. Alikuwa amesimama na baiskeli yake peke yake, akitazama chini kijijini. Fabián alipopunguza mwendo kumsalimia, bwana huyo aligeuza baiskeli na kuondoka.

Casilda alikata mkate, akagawa nyama, akacheka walipocheka wengine. Jioni aliandika ujumbe mmoja: "Ulipotutazama kutoka juu, uliona nini kilichokuchukiza?" Millán akajibu kwamba si hivyo, kwamba atamweleza. Lakini maelezo hayakuja, ila samahani juu ya samahani, naye Casilda alikuwa na uzoefu wa mwanamume wa aina hiyo. Aliacha kupokea simu zake. Septemba nzima alipanda na kushuka njia nyingine peke yake, na mjini akawa anavuka barabara kabla ya kulifikia duka la miwani.

Jumamosi moja ya Oktoba alikwenda Villalosa kumsaidia mama kuchuma matufaha. Walikuwa bustanini, ngazi imeegemezwa mtini, simu ilipoanza kulia mfukoni mwa aproni. Aliliona jina, akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena.

"Ipokee au izime," alisema mama kutoka juu ya ngazi. "Inanitoboa masikio."

Akaipokea.

"Casilda, usikate. Niko kwenye mteremko wa kwenu."

"Mteremko gani?"

"Huu wa Villalosa. Nimefika kwenye kona yenye msalaba wa chuma. Siwezi kuendelea, na kurudi juu nako siwezi."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilishika breki zote mbili, na mkono mmoja tu ndio umekubali kuachia."

Alidhani ni mzaha, na alishafungua kinywa amjibu vibaya. Kisha akasikia pumzi zake. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyemezwa na hofu. Kazini aliisikia kila siku kwa watu waliolala kwenye meza ya picha.

"Kaa hapohapo," alisema. "Usitazame chini."

Alitoa baiskeli yake bandani na kuondoka jinsi alivyokuwa, aproni kiunoni, viatu vya mpira vya bustani miguuni, nywele zimefungwa kitambaa cha mama. Mlima ule alikuwa akiuchukia tangu utotoni. Kona ya kwanza ilimtoa jasho, nyingine zikamtoa machozi, na katikati alishuka akaikokota baiskeli huku akimtukana Millán na babu zake wote. Lakini hakusimama.

Alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye mwamba, uso umemparara. Akakaa kando yake. Mto ulisikika chini.

Ndipo Millán akasema. Kwenye mteremko kama huu, mlima mwingine, alikuwa ametangulia na rafiki yake Saturio akimfuata nyuma. Millán aliteleza kwenye kokoto na kuanguka katikati ya barabara. Saturio alikata kona ili asimkanyage, akatoka nje ya njia. Alipona, ila mguu haukupona. Sasa anatembea na fimbo, na kila Alhamisi wanacheza karata pamoja.

"Anakulaumu?"

"Hajawahi. Angenilaumu ningelala usingizi."

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe unashuka ukicheka, Casilda. Ningekuambiaje kwamba mimi huwa natetemeka? Siku ile ya sikukuu nilisimama pale juu nikaona moshi wa jiko lenu. Nilitaka kufika, Mungu anajua. Miguu ilikataa, nikaona aibu, nikadanganya."

Casilda aliutazama mkono wake uliokuwa bado umejikunja kama umeshika breki. Akaukunjua kidole kimoja kimoja.

"Miezi hii yote nilidhani umekiona kijiji changu ukaona haya."

"Haya ya nini? Ni mimi niliyejionea haya."

"Na leo umekuja kutafuta nini?"

"Nataka kuja huku kila Jumapili. Nataka kukaa na wewe, huku au Burgos, popote utakaposema. Nitakuja hata kwa basi."

"Basi lilifutwa mimi nikiwa bado nasoma."

"Basi nitatembea."

Hapo Casilda akacheka, na kicheko kikamgeuka kilio, na Millán akamkumbatia pamoja na aproni na matope yake yote. Casilda akamwambia atamkubali kwa sharti moja: akiogopa tena, aogope kwa sauti, amsikie.

Walishuka pamoja, Casilda mbele, polepole kama wazee wanaotoka misa. Alimwamuru asitazame bonde, atazame fundo la aproni mgongoni mwake. Kwenye kila kona Millán alisema kwa sauti kwamba anaogopa, naye akajibu kwamba amesikia. Hivyo ndivyo walivyofika Villalosa.

Doña Engracia alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kikapu cha matufaha kwenye nyonga moja. Alimtazama mgeni kuanzia kofia hadi miguuni, bila kuharakisha.

"Ndiye yule asiyetaka kushuka huku?" alimwuliza binti yake.

"Ndiye, mama."

"Mwambie avue hivyo viatu vya baiskeli vyenye chuma chini. Atanikwaruzia sakafu."

Millán alivivua hapohapo kizingitini, akaingia na soksi, na hakuvivaa tena hadi Jumatatu.