Udi Kwenye Sidii ya Baba

Tangazo. Wananchi wote wa Kisauni, wenye deki na wanaotazamia kwa jirani, mnaarifiwa kwamba mwaka huu wa 1999 elimu ya kompyuta imefika Mtopanga. Aliyeifikisha ni mimi, Idarus bin Mohdhar, wa kidato cha pili, shule ya bweni.

Kwa kweli aliyeifikisha ni jirani yetu Jerioth. Mimi nilishika waya.

Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Kulthum, mwenye miaka mitatu. Baba alifanya kazi Dubai. Huko ndiko alikofia, na huko ndiko alikozikwa, Kulthum akiwa bado tumboni. Kilichorudi ni sanduku la nguo, deki, na sidii moja ya video. Rafiki zake walikuwa wamemrekodi siku ya Idi.

Kila Ijumaa nikiwa likizo, Mama akimaliza kufukiza nguo kwa udi, tulikaa mkekani tukamtazama Baba. Amekaa kwenye kitanda cha chuma, amevaa kanzu, anatusalimu mmoja mmoja. Mwisho kabisa anasema, "Na huyo aliye tumboni, akiwa wa kike, mwiteni Kulthum."

Hapo Kulthum hujibu, "Abee, Baba." Kila Ijumaa.

Likizo ya Agosti nilimkuta Mama amekonda. Ijumaa ya kwanza aliwasha deki. Baba alitokea, akacheka, akatusalimu. Kisha uso wake ukakatika vipande vya mraba. Jicho likahamia shavuni. Mdomo ukaganda wazi, na sauti ikawa ya kukoroma: "Mwi... mwi... mwi..." Kioo cha televisheni kikawa cheusi.

Jina halikutoka. Kulthum alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Aliufunga, akaingia uvunguni mwa kitanda.

"Ndivyo ilivyo siku hizi," Mama alininong'oneza. "Nikiifukiza, inazidi. Mwanangu, babako yuko salama kweli huko aliko?"

Mimi, bingwa wa kutisha bweni zima kwa shuka na tochi, nilitoka mbio. Nilikwenda kumwita Jerioth.

Jerioth ni mtu wa bara. Anafundisha kompyuta katika chuo kimoja Kongowea, na anayo moja chumbani mwake. Maneno hayamwishi.

"Hodi, Mama Idarus. Nasikia deki inakusumbua."

"Usifanye mzaha, Jerioth. Mimi naogopa."

"Basi njoo kwangu tuogope pamoja. Lete hiyo sidii."

Tulikwenda sote, na Kulthum. Chumbani kwake Jerioth aliigeuza sidii dirishani. Akainusa.

"Mbona inanukia kama bibi harusi?"

"Naitia udi."

"Sidii?"

"Naishika juu ya chetezo, moshi uiingie vizuri, kama nguo. Kisha naipangusa kwa leso, naizungusha, naizungusha. Niliambiwa sidii za ng'ambo huingiwa na jini."

"Uliambiwa na nani?"

"Ni maneno ya mwalimu mmoja wa shule ya Idarus."

Hapo niliinama chini ya meza kukagua waya. Ulikuwa waya mzuri sana.

"Mama Idarus," Jerioth akasema, "deki husoma sidii kwa mwanga. Moshi wa udi una mafuta, nayo mafuta huganda hapa chini. Mwanga usipopita, picha inakatika. Marehemu hana neno. Sidii ndiyo chafu."

Alimpa Mama maji safi, tone la sabuni na kitambaa laini. "Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Ukizungusha, utaikwaruza."

Mama alifuta. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai.

"Imepona?"

"Bado ina mikwaruzo. Na hata ikipona, ni moja tu. Ikivunjika, mtafanyaje? Ndani yake mna faili moja kubwa, yenye picha na sauti. Tutainakili iingie kwenye kompyuta. Kisha programu itaigeuza iwe faili ya kuchezeka bila sidii."

Aliiingiza sidii. Mstari wa buluu ukaanza kujaa kwenye kioo. Ulikwenda, ukakaribia mwisho, ukasimama. Ndani ya kompyuta mkasikika kitu kinakwangua.

Jerioth alisogeza sikio karibu. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi.

"Imekwama wapi?" nikauliza.

"Kipande cha mwisho."

Kipande cha mwisho ndicho chenye jina. Nakala nyingine hatukuwa nayo, wala Baba hangelitamka tena. Kulthum alinishika mkono. Mkono wangu ndio uliokuwa na jasho.

"Tuitoe?" nikamwuliza Jerioth.

"Usiguse. Inarudia kusoma. Iache irudie."

Tuliiacha. Ikakwangua, ikapumzika, ikakwangua tena. Kisha mstari ukasogea kidogo, ukajaa.

Programu ilifanya kazi yake hadi adhana ya alasiri. Jerioth akaitoa sidii, akamkabidhi Mama mkononi, ndipo akabonyeza kitufe cha kuchezesha. Baba akatokea, uso mzima.

"Sidii ninayo mimi," Mama akasema. "Huyu anatoka wapi?"

"Kwenye faili. Hiyo sidii sasa ipumzike."

Baba alitusalimu mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Na huyo aliye tumboni, akiwa wa kike, mwiteni Kulthum."

"Abee, Baba."

Mama alilia, akacheka, akajifuta kwa leso. Jerioth aliahidi kututengenezea nakala nyingine chuoni kwake, kwenye sidii mpya. "Iwekeni kwenye kasha lake, mbali na jua. Na mbali na chetezo."

"Inshallah," Mama akasema. "Na shule ikifunguliwa nitakwenda mwenyewe kumwona yule mwalimu, asije akaharibu za wenzetu. Anaitwa nani vile, Idarus?"

Nilitafuta jina. Kenya nzima ina majina mengi, lakini halikuja hata moja. Kulthum alikuwa akinitazama. Jerioth pia, mikono kiunoni. Na Baba, kwenye kioo.

"Idarus."

"Naam, Mama."

"Nimekuuliza jina."

"Hapana mwalimu, Mama. Wala jini. Likizo ya Aprili nilitaka tu kuona kama utaifukiza. Ni mimi niliyeyatunga maneno yale."