Ujumbe Kutoka Simu ya Marehemu

Mama alikuwa fundi cherehani. Mchana ule alikuwa akishona sebuleni, kama kawaida yake. Binti yake alikuwa mezani, akisoma. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisomea kompyuta. Tangu baba alipofariki, nyumba ilikuwa kimya. Cherehani tu ndiyo iliyosema.

Simu ya mama ikalia. Mama akaitazama. Mguu wake ukaganda juu ya pedali.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Baba yako ameniandikia."

Binti alidhani mama anatania. Akaja, akasoma. Namba ilikuwa ya baba. Picha ilikuwa ya baba, amevaa shati lake la useremala. Maneno yalisema: "Mke wangu, mgongo bado unakuuma? Usikae sana kwenye cherehani. Na lile dirisha la jikoni bado halifungi."

Wote wawili wakageuka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kidogo. Pazia lilitikisika, kisha likatulia.

"Nani mwingine anajua habari za dirisha letu?" mama aliuliza.

Binti akaenda kulisukuma dirisha; halikufunga.

Ujumbe ukaendelea kuja. Mama akaanza kubadilika. Chakula hakikupita. Alishona mikono ya shati nje ndani. Alitembea na simu mpaka bafuni, na mara nyingine alitabasamu peke yake. Kisha ukaja ujumbe wa namna nyingine: "Namba za siri zitaingia kwenye simu yako. Nitumie, ili tuwe karibu zaidi. Usimwambie mtoto."

Mama alimwonyesha binti.

"Baba yako hakuwahi kukuficha kitu," alisema. "Hapo ndipo nimeshtuka. Lakini kama ni yeye? Nikimnyima, akanyamaza tena?"

"Usitume chochote, Mama. Ngoja nirudi kutoka chuoni."

Chuoni kulikuwa na mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Bibi Kufuli. Alifundisha usimbaji, yaani namna ya kufunga maneno kwa hesabu, ili ayasome mwenye ufunguo tu. Somo lilipokwisha, binti alibaki akamweleza yote. Mwalimu hakucheka.

"Simu ya marehemu iko wapi?"

"Ilipotea wakati wa msiba, Mwalimu."

"Ilikuwa na namba ya kuifungua?"

"Hapana. Baba alikuwa akisema hana cha kuficha."

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi anayewaandikia ni mtu aliye hai. Ameshika simu ile."

"Lakini ulitufundisha kwamba ujumbe umefungwa!"

"Umefungwa ukiwa njiani. Ukifika kwenye simu, unafunguliwa. Usipofunguliwa utausomaje? Mtu huyo amesoma mazungumzo yote ya zamani ya wazazi wako. Mgongo umo humo. Dirisha limo humo."

"Na hizo namba anazotaka?"

"Ni ufunguo wa akaunti ya ujumbe ya mama yako. Akizipata, atawaandikia watu wengine akijifanya ni mama yako."

"Mama hataki kuamini, Mwalimu. Ana hamu na Baba."

"Najua. Sikiliza. Kufunga maneno ni nusu ya somo letu. Nusu nyingine ni kujua nani ameandika. Picha haithibitishi. Namba ya simu haithibitishi. Mwambie mama amuulize jambo ambalo mume wake tu angelijua, na ambalo halijawahi kuandikwa popote."

Nyumbani, mama alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akaandika: "Ulipokuwa ukirudi kutoka kazini, ulisema nini mlangoni?"

Wakasubiri. Simu ilionyesha kwamba mtu anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena.

Jibu likaingia: "Nilisema nimekukumbuka sana, mpenzi."

Mama alisoma polepole. Machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akacheka.

"Nimekukumbuka! Yule? Alikuwa akipiga kelele, 'Wenye nyumba, mgeni wenu ana njaa!' Kila siku ya Mungu." Akaweka simu mezani. "Huyu si mume wangu. Mume wangu amekufa."

Simu ikatikisika mezani. "Mbona kimya?" Ikatikisika tena. "Najua upo."

Walikwenda ofisi ya kampuni ya simu, na laini ya marehemu ikafungwa. Wakawapigia ndugu kuwaonya. Shemeji yake mama akasema, "Mimi niliona aibu kusema. Aliniandikia, nikampa namba zangu." Binti alimsaidia mpaka akairudisha akaunti yake. Halafu akaweka namba ya siri kwenye simu ya kila mtu, na kufuli ya pili, yaani neno la siri la ziada, kwenye akaunti zao.

Picha ya baba haikuonekana tena kwenye simu. Mama alilia kama siku ya mazishi. Lakini alikula, akalala, na mashati yakarudi kushonwa sawasawa.

Wiki chache baadaye, simu ya binti iliisha chaji. Akaazima ya rafiki yake, akapiga nyumbani.

"Mama, leo nitachelewa."

"Wewe nani?"

"Mama jamani! Ni mimi, mwanao!"

"Sauti ni ya mwanangu," mama alisema, cherehani ikisimama. "Sasa niambie, ulipokuwa mdogo uliogopa nini ndani ya nyumba hii?"

Binti akatazama huku na huku, akaona aibu, akanong'ona: "Kioo cha chumbani kwako."

"Haya, mwanangu. Usichelewe sana."