Mume Wangu Aliuza Saa Zangu kwa Cheo cha Uakida

Nina miaka arobaini na moja, sina mtoto, na mume niliyekuwa naye nimeachana naye. Naitwa Zuhura, Mluguru wa Mgeta, naishi hapa mjini Morogoro. Wako wanaosema niliyataka mwenyewe. Someni kwanza, wasomaji wenzangu, kisha mnihukumu!

Mume wangu wa kwanza, marehemu Rajabu, alikuwa fundi saa kutoka Bagamoyo. Watu walimletea saa za kutengeneza, lakini yeye alipenda zaidi zile zilizokwisha kutupwa. Saa za ukutani zilizoachwa na Waarabu, saa za mezani zenye maua ya dhahabu, hata moja yenye ndege wawili wa kauri waliozunguka kila saa ilipogonga... Alizifufua zote! Ndani ya mgongo wa kila moja alikwaruza herufi tatu za Kiarabu, alama yake.

Moja ilizipita zote. Ilikuwa saa ya merikebu, imekaa ndani ya sanduku la mbao, imening'inia katika pete mbili za shaba. Uliinamishe sanduku utakavyo, saa yenyewe haiinami. Rajabu alisema manahodha hupimia njia ya baharini kwa saa kama ile. Alimfanyia mwenye saa hiyo kazi miezi minane bila ujira ndipo akapewa.

Alinifundisha yote. Kusafisha kamani inayoizungusha saa, kutia mafuta kwa ncha ya unyoya wa kuku, kusikiliza. Alipougua homa na kuona hatapona, alimwita Mwalimu Hamisi wa chuo cha Kurani, akanikabidhi saa zote tisa mbele yake. "Hizi ni za Zuhura," alisema. "Si za ndugu zangu, si za mtu mwingine." Siku ya tatu akafariki.

Nililia, lakini saa hazikusimama hata siku moja!

Reli ilipofika Morogoro, alikuja karani mmoja, Shabani. Kijana mtanashati, anajua kusoma na kuandika, maneno yake asali tupu. Alikuja na saa ya mfukoni niitazame. Akarudi tena, na tena. Alikaa akizitazama saa zangu akisema hajaona mwanamke mwenye akili kama mimi. Nani asiyependa kusifiwa? Nami nilikuwa mpweke... Tukaoana.

Mjomba wangu alinionya. "Mwanangu, huyu anatazama ukuta kuliko anavyokutazama wewe." Sikusikia! Nilidhani mjomba anamkataa kwa kuwa Shabani si wa kwetu.

Masika iliyofuata, paa letu lilivuja. Siku hizo hizo nikaletewa habari kwamba mama anaumwa sana kule Mgeta. Shabani akanishika mkono.

"Nenda ukamwuguze mama, mke wangu. Saa nitazihamishia kwa rafiki yangu mwenye nyumba ya bati, zisilowe."

Nilimshukuru! Nilipanda mlima kwa miguu, utelezi na ukungu njia nzima, moyo umetulia kwa kuwa nina mume mwema.

Mama alipopata nafuu, nilirudi. Ukuta mtupu. Jirani yangu, Mama Kidawa, alishindwa kunitazama usoni.

"Wapagazi walizibeba, dada. Zilikwenda bomani. Mumeo amepewa uakida, asimamie vijiji vya upande wa Ngerengere."

Yaani saa za Rajabu zilikuwa zawadi! Mume wangu alimwambia Mzungu wa bomani kwamba amezirithi kwa babu yake. Nilipomwuliza, alicheka.

"Zuhura, wewe sasa ni mke wa akida. Saa za nini tena?"

Mjomba alishuka kutoka mlimani kunisihi ninyamaze, nisije nikafungwa. Nilimwambia, "Shikamoo mjomba, na unisamehe. Kunyamaza siwezi."

Siku ya baraza, Mzungu alipoketi kusikiliza mashauri, nilisimama mbele ya watu wote. Nilisema, "Bwana, fungua mgongo wa kila saa. Utakuta ra, jim na ba, jina la Rajabu. Mwulize akida ni za nani herufi hizo."

Saa zikaletwa, wakazifungua. Zilikuwepo. Shabani akaanza kujikuna shingo. Mwalimu Hamisi, mzee wa watu, akainuka na fimbo yake akashuhudia alichokisikia kwa marehemu.

Mzungu akafikiri, kisha akaamua. Saba nirudishiwe. Ile ya ndege na ile ya merikebu zimekwisha kuwa mali ya boma. Hiyo ndiyo haki niliyoipata!

Lakini saa ya merikebu ilikuwa imekufa. Mpagazi aliibeba kichwani juu chini, na Shabani hakujua hata kumkataza. Mzungu akanitaka niitengeneze.

"Nirudishie, nitaitengeneza nyumbani kwangu," nikasema.

"Utaitengeneza hapa."

"Hapa siitengenezi."

Watu waliguna. Nilifungwa siku saba, nikabeba mawe ya barabara juani pamoja na wafungwa wengine. Siku ya nane nikaulizwa tena. Nikajibu vilevile! Nasikia baadaye ilipelekwa Dar es Salaam kwa fundi wa Kizungu. Kama ilipona, sijui. Naililia mpaka leo, sitaficha.

Nilidai talaka siku niliyotoka kifungoni, nikaipata. Juzi Shabani, ambaye uakida hakunyang'anywa, alituma mtu kusema nirudi, nyumba ya akida ni kubwa. Nilimjibu alale humo peke yake.

Kazi yangu naifanya mlangoni kwangu, mchana kweupe. Mwezi huu nimetoa mbuzi wawili kwa saa mbovu ya ukutani iliyotoka Kisaki. Wananicheka... Na wacheke!

Kosa langu si kupenda saa. Kosa langu ni kumpa mtu mali kwa sababu alinisifu, bila shahidi, bila kuuliza nyumba hiyo ya bati iko wapi. Dada zangu, nawasihi, msiipite njia hiyo! Mpende mumeo, lakini chako kijulikane ni chako, na wazee wakijue. Na ukidhulumiwa usijifungie ndani ukalia. Nenda barazani, simama, useme. Hata wakikurudishia nusu tu, watakuwa wamekusikia.